Mvuvi akirudi na jeraha, nyumbani waanzie wapi?

Ajali nyingi za wavuvi wa dagaa Ziwa Victoria hutokea saa ambazo nyumbani watu wamelala. Dagaa huvuliwa usiku wa giza, mwezi ukiwa haupo, kwa sababu ndipo taa huwavuta. Mtumbwi unakuwa mbali na nchi kavu, ndani yake watu wanne au watano, sakafu imelowa maji na mafuta, na kila mmoja ana haraka ya kuvuta wavu kabla hakujakucha. Habari hufika alfajiri kwa simu ya mtu mwingine, na hufika nusu: ameumia kidogo mkono, msiwe na wasiwasi.

"Kidogo" hiyo ya mwaloni familia za wavuvi zimeshaijua. Yaweza kuwa ndoana iliyozama kwenye kiganja. Yaweza pia kuwa vidole viwili vilivyonaswa kwenye kamba iliyokuwa ikikimbia, mguu uliochanwa na pangaboi la mashine ya boti, au ngozi ya kifua iliyoungua karabai ilipolipuka. Kijana anayeambiwa apumzike siku tatu huweza kupumzika miezi mitatu, na baada ya hapo akagundua kwamba mkono wa kulia haukunji tena sawasawa kushika kasia.

Baada ya hapo mambo huenda kwa mtindo mmoja karibu kila mahali. Tajiri wa mtumbwi hutoa pesa ya dawa, pengine elfu thelathini, pengine hamsini. Wenzake humchangia. Wiki ya pili pesa imekwisha, mtumbwi umeshapata mtu mwingine wa kujaza nafasi, na aliyeumia anahesabiwa kuwa "yuko nyumbani". Hakuna karatasi yoyote inayoonyesha kwamba aliumia kazini. Miezi sita baadaye, mtu akimwuliza mkewe ilikuwaje, anacho kisa tu cha kusimulia.

Tanzania Bara ina sheria inayomhusu mtu wa namna hii, na ina mfuko unaolipa. Wengi wanaoishi kwa uvuvi hawajawahi kufika mlangoni pake. Sehemu kubwa ya yale yanayoweza kuwafikisha huko hufanywa na watu wa nyumbani katika siku chache za mwanzo, maana mgonjwa mwenyewe amelala na maumivu.

Kwanza damu na pumzi

Kabla ya karatasi kuna uhai. Jeraha linalotoka damu nyingi hukandamizwa moja kwa moja kwa kitambaa safi, kwa nguvu, bila kufunua kila dakika kuangalia kama damu imekata. Kitambaa kikilowa, kingine huongezwa juu yake. Wavuvi wengi hukimbilia kufunga mkono kwa kipande cha kamba ya wavu. Kamba nyembamba hukata nyama, na ikikaa saa nyingi inaweza kuua kiungo chote. Ikiwa damu inaruka na haizuiliki kwa kukandamiza, hapo hufungwa kitambaa kipana juu ya jeraha, na saa kilipofungwa hukumbukwa ili daktari aambiwe.

Kidole kilichokatika kisitupwe ziwani wala kisizikwe, kama inavyofanyika. Kifungwe katika kitambaa safi chenye unyevu, kiwekwe ndani ya mfuko wa nailoni usiopitisha maji, na mfuko huo ndio uwekwe juu ya barafu. Barafu isiguse nyama. Si kila hospitali inaweza kukirudisha, na mara nyingi umbali wa kisiwani umeshaamua jambo hilo, lakini uamuzi huo ni wa daktari na si wa nahodha.

Aliyechomwa na mwiba wa taa, tasi au samaki mwingine mwenye sumu baharini husaidiwa na maji ya moto. Sehemu iliyochomwa huloweshwa katika maji ya moto kiasi ambacho mtu mzima anaweza kukistahimili, kwa nusu saa hadi saa moja na nusu. Anayepima joto ni mwenzake mzima, kwa mkono wake mwenyewe, kwa sababu mkono wenye sumu hauhisi vizuri na unaweza kuunguzwa. Maumivu yakipungua bado aende hospitali, kwani vipande vya mwiba hubaki ndani na kidonda huoza taratibu.

Aliyetolewa majini hapumui anahitaji pumzi kwanza. Kumpindua kichwa chini au kumkandamiza tumbo ili atapike maji ni kupoteza dakika alizobaki nazo. Na mzamiaji anayetumia mtungi au hewa ya kompresa, hasa wale wanaofuata majongoo bahari, akipanda juu haraka kisha akalalamika maungio, ganzi au miguu kukosa nguvu, asiambiwe ni baridi wala asirudishwe chini "akajisawazishe". Huo ni ugonjwa wa mgandamizo wa hewa na ni wa kukimbizwa hospitali kubwa.

Kila jeraha la majini lipate chanjo ya pepopunda, hata likionekana dogo. Maji ya mwaloni si maji safi.

Kuna jambo moja la hospitali ambalo baadaye huamua mengi. Mgonjwa akiulizwa aliumiaje, aseme aliumia akiwa kazini, kwenye mtumbwi, na aitaje tarehe. Wapo wanaosema "nilianguka nyumbani" kwa kumwogopa tajiri, au kwa sababu walikuwa wanatumia wavu usioruhusiwa. Kinachoandikwa kwenye cheti siku ile ndicho kitakachosomwa mwaka mzima unaofuata. Familia iangalie kwamba neno la kazini limeandikwa, ihifadhi cheti, picha za eksirei na kila risiti, hata ya panadoli na ya nauli ya boti. Hospitali nyingine huomba fomu ya polisi, PF3, kabla ya kushughulikia majeraha ya ajali. Ikiombwa ichukuliwe, na nakala yake ibaki nyumbani. Mgonjwa aliye hoi atibiwe kwanza, fomu ifuate.

Na kuhusu waganga wa mifupa: watu wana imani nao, na ugomvi huo hauwezi kumalizwa gazetini. Lakini mganga hatoi cheti. Aliyevunjika mguu akapelekwa moja kwa moja kwa mganga wa kijijini, mbele ya mfuko wa fidia ni mtu ambaye hakuvunjika. Apigwe eksirei kwanza.

Tajiri, mgao na swali la nani ni mwajiri

Hapa ndipo penye kazi. Mvuvi wa dagaa au wa sangara mara chache ana mkataba wa maandishi, na hapokei mshahara wa mwisho wa mwezi. Samaki wakiuzwa, hutolewa kwanza gharama za petroli, taa, chakula na marekebisho ya wavu. Kinachobaki hugawanywa, sehemu ya tajiri mwenye mtumbwi na mashine, na sehemu ya vijana, ambao nao hugawana. Kwa mfumo huo tajiri husema, na mara nyingi husema kwa moyo safi kabisa, kwamba hao si wafanyakazi wake bali ni wabia. Wamegawana faida, basi wagawane na hasara.

Sheria ya Taasisi za Kazi, Namba 7 ya mwaka 2004, inalitazama jambo hili kwa jicho jingine. Kifungu cha 61 kinasema mtu huchukuliwa kuwa mfanyakazi, hadi ithibitishwe vinginevyo, iwapo lipo hata jambo moja kati ya kadhaa yaliyotajwa. Miongoni mwake: namna anavyofanya kazi inaongozwa na mtu mwingine; saa zake za kazi zinapangwa na mtu mwingine; amemfanyia mtu huyo kazi kwa wastani wa saa zisizopungua 45 kwa mwezi katika miezi mitatu iliyopita; anamtegemea kiuchumi; au anapewa vifaa vya kazi na mtu huyo.

Soma orodha hiyo ukiwa mwaloni. Mtumbwi ni wa nani? Wavu ni wa nani? Petroli inanunuliwa na nani? Nani anasema leo tunashuka saa kumi na mbili, na nani anaamua samaki wauzwe kwa mchuuzi gani? Kijana anayeshuka na mtumbwi uleule kila usiku wa giza kwa mwaka mzima, hana chake ndani yake zaidi ya koti la mvua, anatimiza zaidi ya jambo moja. Hilo halimaanishi kwamba kila kesi itashinda. Mfumo wa mgao unaweza kubishaniwa, na tajiri ana haki ya kuleta ushahidi wake. Ila mzigo wa kubisha uko upande wake, na familia haina sababu ya kurudi nyumbani kwa kuambiwa tu kwamba mtu wa mgao hana haki.

Wafanyakazi wa viwanda vya minofu ya sangara, wa Mwanza na Musoma, hawana utata huo. Aliyekatwa na kisu kwenye meza ya minofu au aliyeteleza katika chumba cha baridi ni mfanyakazi wa kiwanda, aliyeajiriwa moja kwa moja au kwa kutwa. Baharia wa meli ya bahari kuu naye kwa kawaida husaini mkataba, na nakala ya mkataba huo inapaswa kubaki nyumbani kabla hajapanda meli. Wengi huondoka nayo kwenye begi.

Aliye peke yake ni mvuvi mwenye mtumbwi wake, wavu wake na mashua yake. Yeye ni tajiri na kijana kwa pamoja. Mfuko wa fidia ni kwa ajili ya walioajiriwa, kwa hiyo huyu ategemee bima ya afya, akiba yake na chama chake cha wavuvi kama kina mfuko wa kusaidiana.

Mfuko unalipa nini

Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ilitungwa mwaka 2008, nayo ndiyo iliyoanzisha Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF. Mfuko ulianza kukusanya michango Julai 2015 na kuanza kulipa mafao Julai 2016. Anayechangia ni mwajiri peke yake. Mfanyakazi hakatwi hata senti, na tajiri anayewakata vijana wake "pesa ya WCF" anakosea.

Mafao yenyewe ni matibabu, malipo ya kipindi cha ulemavu wa muda, malipo ya ulemavu wa kudumu, huduma za utengamao ili mtu arudi kazini, posho ya mtu wa kumhudumia aliyeumia vibaya, msaada wa mazishi, na malipo kwa wategemezi wa aliyefariki. Kwa familia nyingi fao linaloonekana haraka ni lile la ulemavu wa muda. Mtu akiwa hawezi kufanya kazi kwa sababu ya jeraha, hulipwa asilimia 70 ya kipato chake cha mwezi, na malipo hayo yanaweza kuendelea hadi miezi 24.

Chukua mfano wa kubuni. Kijana hupata mgao wa wastani wa Sh40,000 kwa usiku, na kwa mwezi hushuka ziwani usiku 18. Hiyo ni Sh720,000. Asilimia 70 yake ni Sh504,000 kwa mwezi. Ilinganishwe na elfu hamsini ya dawa.

Fidia hii haiulizi kwanza kosa lilikuwa la nani. Si lazima mvuvi athibitishe kwamba tajiri alikuwa mzembe au mashine ilikuwa mbovu. Linaloulizwa ni kama aliumia kutokana na kazi na akiwa kazini. Kujiumiza kwa makusudi na utovu mkubwa wa nidhamu ni mambo mengine. Lakini kuteleza, kupitiwa na usingizi baada ya usiku tatu mfululizo, au kushika kamba vibaya, ndiyo ajali zenyewe zinazokusudiwa.

Siku saba, miezi kumi na miwili

Aliyeumia, au ndugu yake kwa niaba yake, anapaswa kumjulisha mwajiri mapema iwezekanavyo. Mwajiri naye anapaswa kuufahamisha Mfuko ndani ya siku saba tangu apate taarifa ya ajali. Madai yenyewe yasipitishe miezi 12. Familia nyingi huzikwa na miezi hiyo 12, kwa kuwa mwaka wa kwanza wa jeraha hupita watu wakisubiri mkono upone.

Kumjulisha tajiri kwa mdomo kunatosha kwa adabu, lakini hakutoshi kwa ushahidi. Ujumbe mfupi wa simu unafaa. Uandikwe kwa heshima na uwe na tarehe: "Shikamoo mzee. Kijana wako fulani ameumia mkono wa kulia jana usiku akiwa kwenye mtumbwi wako, tumempeleka kituo cha afya. Tunaomba utoe taarifa WCF." Tajiri akijibu "poleni, nimepata habari", jibu hilo ni karatasi tosha. Lisifutwe.

Wengine huona haya kumwandikia tajiri hivyo, hasa akiwa ndiye aliyewakopesha ada ya shule mwezi uliopita. Ugumu huo upo na si wa kubezwa. Mwaloni tajiri ni zaidi ya mwajiri; ni benki, ni mjomba, ni mtu wa kukimbiliwa usiku. Tena wapo matajiri wanaowasha mashine saa nane ya usiku kumkimbiza majeruhi Bugando kwa petroli yao na wasiseme neno. Kwa hiyo mke wa mvuvi asiende peke yake, na asiende kwa shari. Aende na mzee wa ukoo au mwenyekiti wa kitongoji, na aanze na hoja inayomsaidia tajiri mwenyewe: kama amesajiliwa na anachangia, atakayelipa ni Mfuko, si mfuko wa koti lake.

Na mchango si mzito kama unavyovumishwa. Kiwango cha sekta binafsi kilianza na asilimia moja ya malipo ya wafanyakazi, kikapunguzwa hadi asilimia 0.6 mwaka 2021 na asilimia 0.5 mwaka 2022. Kwa vijana watano wa mfano ule wa juu, jumla ya mgao wao ni Sh3,600,000 kwa mwezi. Nusu asilimia yake ni Sh18,000. Mashine ya boti huimaliza petroli ya thamani hiyo kabla haijafika palipo na dagaa.

Tajiri ambaye hakujisajili ana deni na sheria, na huenda ndiyo sababu atataka mambo yaishe kimyakimya. Hata hivyo kutosajiliwa kwake kusiifanye familia ikae nyumbani. Iende yenyewe ofisi ya WCF ya mkoa au kanda, au kwa afisa kazi wa mkoa, ieleze ajali na imtaje mwajiri. Ikirudishwa, iombe jibu kwa maandishi.

Mara nyingine huletwa karatasi ya kusaini: "Nimepokea laki mbili na sitadai tena." Mgonjwa ana homa, mke anahitaji hizo laki mbili leo, na kidole gumba kinatiwa wino. Isisainiwe siku hiyo. Pesa ya msaada inaweza kupokelewa na kuandikiwa risiti kuwa ni pesa ya matibabu, tarehe fulani, kiasi fulani, basi. Kama tajiri anataka zaidi ya hapo, karatasi isomwe kwanza na msaidizi wa kisheria. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 imewatambua wasaidizi hao, na ofisi ya ustawi wa jamii ya wilaya inaweza kuelekeza walipo. Huduma yao haitozwi.

Daftari la mgao

Mvuvi asiye na mkataba ana ushahidi mwingi kuliko anavyodhani, ila umetawanyika. Mtumbwi una namba ya usajili ubavuni, ipigwe picha. Kikundi cha usimamizi wa rasilimali za uvuvi cha mwalo, kile watu wanachokiita BMU, huwa na orodha ya vyombo na wavuvi wa eneo lake. Viongozi wake waandikishwe ajali siku hiyohiyo, na afisa uvuvi ajulishwe. Wenzake watatu waliokuwa kwenye mtumbwi waandike majina kamili na namba za simu. Majina kamili, si "Masai" na "Mdogo Mdogo", kwa sababu wavuvi huhama na ifikapo msimu ujao Masai atakuwa Goziba na hakuna atakayejua jina alilopewa na babake.

Muhimu kuliko yote ni kipato. Fidia hupigwa hesabu kwa kipato, na mtu wa mgao asipoonyesha chake atakadiriwa na wengine. Nahodha au msimamizi wa tajiri huwa na daftari la mauzo na mgao. Kurasa za miezi mitatu ya karibuni zipigwe picha mapema, kabla daftari halijalowa. Pesa zilizotumwa kwa simu ni bora zaidi, maana zinabeba jina, tarehe na kiasi. Simu ikizama ziwani na mwenyewe, laini irudishwe kwa jina lake na kampuni iombwe taarifa ya miamala. Mke aliyekuwa akitumiwa pesa ya matumizi naye asifute meseji zake.

Haya yote ni kazi ya saa chache kwa mtu anayejua kusoma na mwenye simu yenye kamera. Mara nyingi mtu huyo ndani ya nyumba ni binti wa kidato cha pili, na hakuna ubaya akakabidhiwa bahasha na kuambiwa kwamba hiyo ndiyo kazi yake.

Aliyeumia akiwa dago

Pwani kuna tatizo la umbali. Wavuvi wa Kojani na sehemu nyingine za Pemba na Unguja huenda dago kwa wiki au miezi, Mafia, Kilwa, Mtwara, na wengine huvuka hadi Kenya. Ajali ikitokea huko, familia inasikia tu. Jambo la kwanza ni kumwomba mtu aliye karibu naye apige picha ya jeraha, cheti na chombo, kisha azitume. Jambo la pili ni kuuliza chombo kimesajiliwa wapi na mwenyewe anakaa wapi, kwa sababu hapo ndipo panapoamua sheria ipi itumike. WCF ni ya Tanzania Bara. Zanzibar ina sheria yake ya fidia, na wa kuanza kuulizwa huko ni Kamisheni ya Kazi. Kenya nayo ina sheria yake ya mafao ya majeraha ya kazini ya mwaka 2007, ambayo humtaka mwajiri kutoa taarifa kwa mkurugenzi wa afya na usalama kazini.

Asirudishwe nyumbani kwa chombo cha usiku kabla hajaonwa na daktari wa huko alikoumia. Cheti cha kwanza kikitolewa Pemba siku kumi baada ya ajali ya Kilwa, mtu atauliza, na ni haki yake kuuliza, katika siku hizo kumi ilitokea nini.

Mkono usiorudi

Daktari akisema jeraha limefika mwisho wa kupona, hapo ndipo ulemavu wa kudumu hupimwa kwa asilimia. Kiwango kikiwa kidogo hulipwa kwa mkupuo. Kikiwa kikubwa hulipwa pensheni ya kila mwezi. Familia ihudhurie upimaji huo na imruhusu mgonjwa aseme ukweli wa kila siku. Wavuvi wana ugonjwa wa kujikaza. Akiulizwa kama anaweza kushika kitu, mvuvi hujibu anaweza, akimaanisha kikombe cha chai. Aulizwe kama anaweza kuvuta wavu uliojaa, na ajibu hilo.

Mkupuo una hatari zake, na ukurasa wa familia ndiyo mahali pa kuzisema. Pesa inayoingia mara moja kwa mtu mwenye mkono mmoja, huku ndugu wote wakijua, huisha upesi. Mume na mke wakae wao wawili kabla haijaingia, waamue ni ipi ya deni, ipi ya ada na ipi ya shughuli mpya. Wavuvi wengi walioumia wamebaki mwaloni kwa kazi nyingine: kushona nyavu, kutengeneza mashine, kununua dagaa na kuanika. Mke ambaye tayari anaanika dagaa anaijua biashara hiyo kuliko mumewe, na itakuwa busara kumsikiliza.

Jeraha la pili ni lile la kukaa bure. Mtu aliyezoea kuleta pesa alfajiri, sasa anaamka na kuona mkewe ndiye anayetoka. Hasira, pombe na kimya huanza hapo. Wanaoliona dalili zake wamwone mhudumu wa afya mapema, wasisubiri mpaka yafike kwa balozi.

Kwa aliyezama na mwili usipatikane, taarifa iandikwe polisi, kwa serikali ya kijiji na BMU siku ileile, na majina ya waliomwona mara ya mwisho yachukuliwe. Bila taarifa hizo mjane na watoto watahangaika baadaye kuthibitisha kifo mahakamani, na malipo ya wategemezi yatasubiri.

Na kijana akipona akarudi mwaloni, akaambiwa hana tena nafasi kwa sababu alipeleka mambo WCF, hilo ni shauri jingine kabisa, na lina saa yake. Mgogoro wa kuachishwa kazi hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, ndani ya siku 30. Fomu ya kufungulia shauri hupatikana kwenye ofisi za Tume mikoani, na siku zinahesabiwa tangu alipoambiwa haitwi tena.